Sala ya Safari

Siku ile tulikuwa tisa, ukiwahesabu na waliokuja kuua. Ndani ya chumba nilikuwepo mimi, mkubwa wa watoto, mwenye miaka kumi na saba. Mdogo wangu wa kiume anayenifuata, kumi na minne. Mdogo wetu wa kike, kumi. Kitinda mimba, wa kike naye, ambaye hakuwa ametimiza mitano. Na fundi wa magari, mtoto wa pekee wa mwenye nyumba wetu. Mwenye nyumba mwenyewe, ambaye sote tulimwita Bibi, alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya mlango akichambua maharage. Hao ni sita. Watatu waliobaki walifika baadaye, wakiwa na mapanga mawili na guruneti moja. Majina yao siyajui hata leo.

Ilikuwa Bwiza, mjini Bujumbura, asubuhi, kama saa tatu. Milio ya risasi ilikuwa imeanza alfajiri upande wa juu wa mtaa na ilikuwa ikiteremka barabara kwa barabara. Watu waliokuwa na magodoro kichwani walikuwa wamekwisha pita. Waliobaki ndani ni wale ambao hawakuwa na pa kwenda, na sisi tulikuwa miongoni mwao, kwa sababu tulikuwa tumeshakimbia mara moja.

Mara ya kwanza tulikimbia kutoka Kamenge, mtaa mwingine wa mji. Baba alikuwa mzee wa kanisa huko. Yeye na mama walipigwa risasi njiani wakirudi kutoka sokoni. Baba alikufa pale pale, uso ukiwa ndani ya mfuko wa vitunguu. Mama aliishi mpaka adhuhuri, na muda wote huo hatukuweza kumfikia kwa sababu waliompiga walikuwa bado wamesimama kwenye kona. Tulimsikia tu. Nilimziba masikio kitinda mimba, lakini mimi hakuna aliyeniziba. Usiku ulipoingia niliwafunika kwa khanga mbili na asubuhi nikawachukua wadogo zangu tukashuka Bwiza. Sikurudi shule tena. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa sekondari, na daftari la hesabu nililolibeba siku ile nililitumia kufungia sabuni za vipande nilizouza.

Kabila letu sitaliandika. Anayeijua Bujumbura ya miaka ile anajua kwamba kila mtaa ulikuwa na watu wake wa kuuawa, na Bwiza, mtaa wa Waswahili, ulikuwa umechelewa tu kupata wa kwake.

Bibi alikuwa Mwislamu, mjane, mtu wa mji tangu babu zake. Alitupa chumba cha uani. Alisema kodi tutazungumza vita ikiisha. Mtoto wake fundi alifanya kazi kwenye gereji karibu na maghala ya Zone Industrielle, eneo la viwanda. Alikuwa mtu wa mzaha. Akisikia tunasali jioni, hukohoa nje ya mlango na kusema, "Mukimaliza na Ulaya, mutukumbuke na sisi wa Bwiza." Maana sala zetu zilikuwa ndefu. Hilo tulilirithi.

Nyumbani kwa baba sala ilikuwa na sheria. Mtu hatoki kwenda safari, hata ya kuvuka mto Ntahangwa tu, bila kuombewa. Anayeomba husimama, wote hushikana mikono, macho hufumbwa, na hakuna anayefumbua, anayeachia mkono, wala anayetoka mpaka asikie "kwa jina la Yesu Kristo" na wote waitikie "Amina". Baba alikuwa na tabia ya kunyamaza katikati, makusudi, akitusikiliza kama kuna anayesogea. Aliyesogea alianzishiwa sala upya, sisi wengine tukiwa tumesimama naye kwa njaa. Na haikuwa nyumba yetu peke yake. Makanisa yote ya upande ule wa mji yalilea watoto hivyo. Ukimkuta kijana wa miaka ishirini Kamenge, awe mlevi au mwizi, ukisema mbele yake "Tuombe," mkono wake utaenda kwenye kofia na macho yatafumba kabla hajafikiri.

Asubuhi ile fundi aliingia bila kubisha. Alikuwa na ovaroli ya pili mkononi, imejaa grisi, na kofia nyeupe ya kiislamu iliyofumwa.

"Wanatafuta vijana," alisema. "Wameshaulizia hapa mara mbili: iko wapi kijana wa yule muzee wa kanisa wa Kamenge. Avae hii. Mi nitapita naye uchochoro mpaka gereji, namuweka kwenye shimo chini ya lori. Kwenye bariyeri za barabarani Waswahili wanapita."

Mdogo wangu alivaa ovaroli. Kofia aliitazama.

"Hii sivai," alisema.

"We, sababu gani?"

"Baba angekataa. Nikiulizwa dini nitasemaje?"

"Kofia si dini, ni kitambaa," fundi alisema. "Mama yangu aliifuma. Ukitaka, ivae kama kikapu."

"Na wakiniambia nisome sura?"

"Utasoma Al-fatiha. Nimekusikia unaiimba uani ukinicheka."

Mdogo wangu akanigeukia mimi. Mkubwa wa nyumba ndiye anayeamua, na aliyekuwa mkubwa ni mimi. Ningeweza kusema vaa. Ilikuwa neno moja. Lakini niliona mbele yangu uso wa baba, na nikaona pia njia aliyofia, na nikashindwa kutenganisha. Mtoto wa mzee wa kanisa kumkana Yesu kwa kichwa chake mwenyewe, na mimi nimempa ruhusa, kisha afe hivyo hivyo njiani: hilo ndilo lililoniogopesha kuliko panga. Leo wasomaji wanaweza kunicheka. Siku zile tulikuwa tumebaki na vitu vichache sana vya baba, na hicho kilikuwa kimoja.

"Tumuombe Mungu kwanza," nilisema. "Ni safari. Tutamwombea safari, na kofia nitaieleza kwa Mungu."

"Dada," fundi alisema, "basi mueleze kwa kifupi."

Tukasimama duara. Mkono wangu wa kushoto ulimshika kitinda mimba, yeye akamshika dada yake, dada yake akamshika fundi, fundi akamshika mdogo wangu wa kiume, na mdogo wangu akanishika mkono wa kulia. Mgongo wake ulikuwa kwenye pazia. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda chetu na tundu la dirisha lililozibwa kwa bati, ambalo fundi alikuwa ameling'oa misumari tangu alfajiri. Ndani kulikuwa na giza. Mwanga ulitoka mlangoni tu. Nikafumba macho nikaanza.

Sijui nilikuwa nimeomba kwa muda gani. Nilikuwa nimefika kwenye kofia, nikimwambia Mungu kwamba Danieli naye aliitwa jina la Babeli na hukumkataa, niliposikia Bibi nje akisema kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, "Karibuni wanangu. Wako ndani, wanasali."

Kishindo. Mlango uligonga ukuta. Kitinda mimba alinibana vidole. Nilihisi giza zaidi kwenye kope zangu, kwa sababu mlango ulikuwa umejaa watu. Nilisikia harufu ya pombe ya ndizi na jasho. Mtu alipiga hatua mbili ndani na panga lake likakwaruza sakafu.

Sikunyamaza. Wengine wamesema ulikuwa ujasiri. Haukuwa. Nilikuwa sijafika Amina, na mwili wangu haukujua namna nyingine.

Kisha sauti nzito, ya kijana, ikasema, "Acha kwanza."

"Nini, acha?"

"Wanaomba. Mutu hakatwi katikati ya sala."

"Tangu lini?"

"Acha amalize, nimesema. Vua kofia, we."

Nikasikia kitambaa kikivuliwa kichwani. Nakumbuka sauti hiyo kuliko sauti ya mlango. Nikaelewa jambo moja waziwazi kama vile mtu ameniandikia: wakati sijasema "kwa jina la Yesu Kristo", hakuna atakayekufa chumbani humu.

Basi niliomba. Niliombea wagonjwa wa hospitali zote. Niliombea wajane, wasafiri wa ziwani na wa barabarani, wafungwa, wanafunzi, wakulima wa mpunga, mvua. Niliwaombea wenye serikali na walio msituni. Yule wa pili akasema, "Sala gani hii, ya Noeli?" na wa mlangoni akacheka, lakini hawakusogea. Niliwaombea na wao, vijana wageni waliotutembelea, mama zao waliowabeba, na hapo wa sauti nzito alivuta pumzi puani kama mtu anayezuia chafya.

Ilikuwa katikati ya hilo ndipo mkono wa mdogo wangu ulipoanza kuteleza. Nilidhani ameanguka. Niliubana. Mkono mwingine ukaja juu ya wangu, mgumu, wenye nyufa za grisi, ukavifungua vidole vyangu kimoja kimoja bila haraka, ukamtoa yeye ukajiingiza wenyewe. Fundi alikuwa amekamata kulia na kushoto. Duara lilikuwa limefungwa tena, likiwa pungufu ya mtu mmoja.

Nyuma ya pazia kitanda kililia. Nikapandisha sauti. Bati lilikwaruza, nikapiga kelele kumwita Bwana wa majeshi, nikakariri Zaburi niliyoijua na ambayo sikuijua, nikaunganisha vipande kama vilivyokuja. Mate yalikauka. Sasa nilikuwa naomba kwa ajili ya hatua za mtoto mmoja kwenye uchochoro: uani, jikoni kwa jirani, kona, barabara. Kila sentensi nilikuwa namhesabia hatua kumi.

Kisha nilikosea. Nilitaka kusema kwamba kwa jina la Yesu Kristo viwete walitembea, na nilipofika "Yesu Kristo" pumzi ikaniishia. Nikanyamaza nivute hewa. Kitinda mimba, mtoto aliyelelewa vizuri, akasema, "Amina."

Na wale watatu nao wakasema, "Amina."

Nilifumbua macho. Wa sauti nzito alikuwa mfupi, ana ndevu chache kidevuni, kofia kifuani. Aliivaa. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Iko wapi kijana?"

"Kijana gani?" fundi alisema. "Mutu wa kiume humu ni mi."

"Tuliambiwa kijana mrefu."

"Mi ni mufupi?"

Wa pili alimpiga ubapa wa panga usoni, na nikasikia mfupa wa pua. Akavuta pazia. Akaona kitanda na tundu lenye mwanga. Alirudi amebadilika. Mdogo wangu wa kike alikuwa amesimama njiani. Alimpiga ngumi mdomoni, meno mawili yakatoka, moja alilimeza. Nilijirusha mbele na panga likanipata begani. Halikuuma wakati ule. Lilikuwa kama maji ya moto yaliyomwagwa juu ya nguo.

"Mumetusalisha kama wajinga," alisema yule wa pili. Hilo ndilo lililomuudhi. Wa sauti nzito alimtazama fundi, kisha akatoka nje akasimama ametupa mgongo, guruneti mkononi. Angeweza kusema "acha" mara ya pili. Nilingoja aseme.

Wakamtoa fundi uani. Bibi aliacha maharage, akamshika mguu yule wa pili kwa mikono yote miwili.

"Huyu ni Mwislamu," alisema. "Huyu hana vita na nyinyi. Alitengeneza gari ya baba yako, wewe. Nakujua."

Kusema hivyo kulikuwa kosa. Kijana aliyejulikana hawezi tena kurudi nyuma mbele ya wenzake. Alimpiga Bibi teke la kifua, kisha akamkata fundi shingoni, na panga lilikuwa butu, ikabidi arudie. Wa tatu, aliyekuwa amecheka mlangoni, alitumia spana ndefu iliyokuwa mfukoni mwa ovaroli ya fundi mwenyewe. Sitaandika mara ngapi. Fundi alikuwa ametazama upande wangu muda wote mpaka macho yalipoacha kutazama. Kisha risasi zikalia barabarani, karibu, na wote watatu wakaruka ukuta wakaondoka. Guruneti hawakulitumia.

Watu wa msikiti walikuja kabla ya adhuhuri, risasi zikiendelea. Walimwosha uani nyuma ya shuka, wakamsalia wamesimama safu mbili fupi, wakambeba mbio, wameinama, kama watu wanaoiba. Mmoja wa shangazi zake aliniambia mbele ya wote, "Nyinyi munasali kama munahutubia. Mungelikuwa mumefupisha, wangelikuwa wameshaondoka wote wawili." Baadaye nilisikia kwamba vijana wawili wa nyumba ya tatu, walioondoka mapema bila kungoja mtu, walikutwa kwenye mtaro wa kona ile ile. Sikumpelekea shangazi habari hiyo. Haikuwa jibu.

Kanisani walitaka nitoe ushuhuda. Mchungaji aliusimulia mwenyewe kwanza: jinsi sala ya yatima ilivyofunga macho ya adui, na mtoto akapita kama Israeli baharini. Watu walipiga vigelegele. Nilipopewa kipaza sauti nilisema kwamba sala ile ilifanya kazi kwa mikono ya mtu, na mtu huyo alikuwa Mwislamu, na alikatwakatwa. Nikaonyesha mkono wangu jinsi alivyoufungua. Mchungaji alininong'oneza, "Dada, fupisha." Nikasema nitafika mwisho. Nilifika. Hakuna aliyepiga kigelegele, na sikuitwa tena mbele.

Watu wameniuliza kama bado nasali. Nasali. Saa kumi na moja kila alfajiri, kwa sheria ya baba, nimesimama. Siku zile sikujua njia nyingine ya kuamka na watoto wa kulisha na mji unaoungua. Naamini Mungu alisikia siku ile. Naamini pia kwamba alitaka mtu wa kushika nafasi kwenye duara, na aliyekuwa karibu akaishika. Wale watatu nawaombea kwa idadi, kwa kuwa sina majina. Mwanzoni niliwaombea kwa meno yaliyokazwa, na miaka mingine bado ni hivyo.

Kitinda mimba aliacha kusema Amina. Alinyamaza kwenye kila sala, nyumbani na kanisani, mpaka alipofikisha miaka tisa. Nilimwambia mara nyingi kwamba alifanya alichofundishwa na kwamba aliyekosea ni mimi. Alinisikiliza, akaendelea kunyamaza. Siku aliyoanza tena hakunitangazia; alisema tu, kwa sauti ndogo, juu ya sahani ya maharage, na mimi nikajifanya nina moshi machoni.

Mdogo wangu alivuka. Alipita bariyeri mbili na ile kofia, ambayo fundi alimtia mfukoni, kwenye ya pili akaulizwa sura akaisoma bila kukosea. Baada ya wiki tatu mfanyabiashara wa dagaa alituletea salamu kutoka Kigoma: yuko hai. Na kulikuwa na maneno mengine. "Mwambieni Bibi," alisema yule mtu, "kijana anasema hivi: fundi alipomtoa kwenye duara alimnong'oneza neno la kumpelekea mama yake. Neno hilo atamwambia mwenyewe, uso kwa uso."

Nilimpelekea Bibi habari hiyo siku ile ile. Alikuwa ameshika mbavu, hazikuwa zimepona. Aliniuliza neno gani. Nikasema sijui, ila atakuja kulisema.

"Unaahidi wewe au yeye?"

"Mimi," nilisema. "Mbele ya Mungu."

Vita viliendelea miaka kumi, na miaka yote hiyo tulikuwa na sababu. Vilipoisha sababu ziliisha. Mdogo wangu ana mke na watoto wawili, anauza vipuri vya baiskeli huko huko. Nilipompigia simu alisema mwezi ujao. Alisema baada ya mavuno. Nilimwambia niambie mimi, nitalifikisha.

"Si lako, dada."

"Basi njoo."

"Nitakaa mbele yake na shingo hii nzima?" alisema. "Atatazama wapi?"

"Haoni tena. Macho yamekufa."

Hela ya simu ikaisha.

Sikumwambia akiogopa asali. Nilimwambia apande gari.

Bibi bado yuko hai, kwenye nyumba ile ile. Kila Ijumaa namchotea maji na kumpikia. Akimaliza swala yake hukunja mkeka, hugeuza uso upande inakotoka sauti yangu, na kuniuliza, "Amefika?"

"Bado, Bibi."

"Uliahidi wewe," husema, bila hasira, kama mtu anayehakikisha jina.

"Niliahidi mimi."